Ganda la Korosho na Plastiki Ipitishayo Umeme

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Chiwata)



Nimeombwa niseme machache juu ya kemia, nami nitaanzia jikoni. Hapa Chiwata hakuna asiyejua moshi wa korosho zinapokaangwa, na wengi wetu tumewahi kubabuliwa vidole na mafuta ya ganda lake. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya anakadi. Ukiyakamua bila moto, asidi hubaki ilivyo. Ukiyapasha hadi karibu nyuzi 200 za sentigredi, asidi hutoa hewa ya kabonidayoksaidi na kugeuka kadanoli, ambayo viwanda huitumia katika rangi na breki za magari. Ukizidisha moto na muda, molekuli hushikana zikawa kitu kizito kama lami. Ganda ni lile lile. Kilichobadilika ni moto na muda. Hilo ndilo somo langu lote, na yanayofuata ni ushahidi wake.

Sote tulifundishwa kwamba plastiki huzuia umeme, na ndiyo maana waya huvikwa plastiki. Lakini si plastiki zote. Mwaka 1967, mjini Tokyo, katika maabara alimofanya kazi Hideki Shirakawa, mtafiti mgeni alikuwa akitengeneza poliasetilini kutokana na gesi ya asetilini. Kwa makosa alitia kichocheo mara elfu moja zaidi ya kipimo. Badala ya unga mweusi uliozoeleka, ikatokea ngozi nyembamba ing'aayo kama fedha. Shirakawa hakuitupa. Alitafuta sababu, na baadaye akaonyesha kwamba joto nalo lina neno: kwa nyuzi 78 chini ya sifuri hupatikana aina moja ya mnyororo wa molekuli, na kwa nyuzi 150 juu ya sifuri hupatikana aina nyingine. Mwaka 1977, akiwa Marekani pamoja na Alan MacDiarmid na Alan Heeger, waliitia ngozi ile mvuke wa aidini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda mara mamilioni. Mwaka 2000 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Mfano wa pili ni polianilini. Hii hupatikana kwa kuchanganya anilini na amonia pasalfeti ndani ya asidi hidrokloriki. Asidi ikitosha, unapata unga wa kijani upitishao umeme. Asidi ikikosekana, unapata kitu cha hudhurungi kisichopitisha. Ule wa kijani ukiuosha kwa amonia unakuwa buluu na umeme unakatika. Ukiurudisha kwenye asidi, ukijani unarudi na umeme unarudi. Ukifanya kazi kwenye baridi ya barafu, mchanganyiko huenda polepole na minyororo hurefuka.

Mwaka 2002 ilitolewa taarifa ya watu 8, wa taasisi 5 za nchi mbalimbali, waliofuata maelekezo yale yale hatua kwa hatua. Katika sampuli 59 wastani ulikuwa siemensi 4.4 kwa sentimeta, na tofauti ya kawaida baina ya sampuli ilikuwa 1.7. Shaba huizidi polianilini hiyo zaidi ya mara 100,000. Lakini shaba haiyeyuki ikapakwa kama rangi. Na hapo tunarudi nyumbani, maana huko Kerala, India, wataalamu wametengeneza kutokana na kadanoli ya korosho asidi ya kutia katika polianilini, ili iwe rahisi kuyeyushwa na kufinyangwa.

Ndugu zangu, kwa miaka mingi korosho za Masasi na Newala zimesafirishwa ghafi kwenda India. Auzaye korosho ghafi huuza na ganda, na aliye na ganda ndiye anayejifunza kemia yake.

Kwenu vijana nina ombi moja. Nakiri kwamba nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nikiandika jibu la kitabuni badala ya nililoliona kwenye chupa. Nilipata alama, nikapoteza elimu. Msifanye hivyo. Andikeni kipimo mlichotia hasa, joto lililokuwapo, dakika zilizopita, na rangi mliyoiona, hata kama mmekosea. Kosa la Tokyo lilizaa matunda kwa sababu kipimo kilichotiwa kiliweza kujulikana. Kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

Wala msikimbilie anilini. Ni sumu, iacheni kwa maabara zenye vifaa. Anzeni na yaliyopo, na mwalimu awe karibu: maji ya limau, majivu, kipimajoto na daftari la kweli.