Tuchague Programu Itakayobaki Ufadhili Ukiisha

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika, vikundi vya wakulima na wafadhili, Kasumulu, Wilaya ya Kyela

 

Tumeombwa tuzungumze kuhusu uchaguzi wa programu ya kompyuta itakayosaidia kitengo chetu cha masoko kusimamia kazi zake. Jambo hili linaonekana kuwa la wataalamu, lakini uamuzi wake ni wa kamati, kwa sababu matokeo yake yataonekana katika bei ya mpunga na kakao ya wanavikundi. Yupo mfadhili aliye tayari kulipia programu kwa miaka miwili. Tunashukuru sana. Hata hivyo, kabla ya kupokea ni vema tujiulize mwaka wa tatu utakuwaje.

Msimamo wetu tunautaja mapema ili mtupime nao. Programu inayotufaa ni ile ambayo mtu wa mwisho katika mnyororo wa kazi anaweza kuitumia, na ambayo siku malipo yakikoma, kumbukumbu zote zinabaki mikononi mwetu.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Kitengo chetu kinafanya kazi inayofanana na ya wakala wa matangazo wa mjini. Wateja wake ni vikundi. Kinatafuta wanunuzi, kinaandaa lebo na mifuko, kinapeleka matangazo redioni, na kinaratibu maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya.

Tuchukue mfano wa oda moja. Duka la Mbeya linataka mifuko 200 ya mchele, kila mfuko kilo 5. Hiyo ni tani moja tu. Lakini hesabuni kazi zilizomo: kukausha mpunga vizuri, kukoboa, kuchambua, kupima, kuchapisha mifuko, kupata gari la kwenda safari ya zaidi ya kilomita 100, kuandika ankara na kufuatilia malipo. Nyuma ya lebo kuna kazi nyingine: jina la bidhaa liandikishwe BRELA, alama ya ubora ifuatiliwe TBS, na bakodi, ile mistari inayosomwa na mashine dukani, iombwe GS1 Tanzania. Kazi hizo zina wahusika tofauti, na nyingine haziwezi kuanza mpaka nyingine iishe. Mifuko haichapishwi kabla lebo haijapitishwa. Gari halikodiwi kabla mchele haujakobolewa.

Kuna na suala la toleo. Mchoro wa lebo hutumwa kwa katibu wa kikundi, kwa mhasibu na kwa mchungaji kiongozi wa kamati. Kila mmoja anasahihisha kitu. Baada ya wiki moja kuna michoro minne katika kundi la WhatsApp, nayo yote inafanana. Ipi ndiyo iliyopitishwa? Mchapaji akichukua iliyo na uzito usio sahihi, mifuko yote haifai, na gharama inamrudia mkulima.

Tukumbuke pia kwamba jina la mchele wa Kyela linajulikana hadi Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo huwekwa hata kwenye magunia ya mchele uliolimwa kwingine. Mnunuzi akituuliza mfuko huu umetoka kikundi kipi na ulikobolewa lini, ni lazima tuwe na jibu lililoandikwa. Kumbukumbu hiyo ni sehemu ya bidhaa tunayouza.

Hivyo basi, chombo tunachokitafuta kijibu mambo matano kwa kila oda: kazi gani, nani anaifanya, inaisha lini, inasubiri nini, na toleo lililopitishwa ni lipi.

TUSIFANYE KAZI MARA MBILI

Wengi wenu ni wanachama wa AMCOS, na kakao yenu inauzwa kwa minada kupitia utaratibu wa stakabadhi ghalani. Vyama vya ushirika vinao Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Uzito uliopokelewa na malipo ya mwanachama vina mahali pake huko. Kitengo chetu kisianzishe daftari la pili la mambo hayo hayo, kwa kuwa madaftari mawili yasiyolingana huzaa ugomvi. Sisi tunahitaji kusimamia kazi na tarehe zake tu.

NJIA NNE ZILIZOPO

Ya kwanza ni ubao na daftari. Ubao wenye safu tatu, yaani zinazosubiri, zinazofanyika na zilizokamilika, pamoja na kadi moja kwa kila kazi, si jambo la kudharauliwa. Kiwanda cha magari cha Toyota, Japani, chini ya mhandisi Taiichi Ohno, kilijenga utaratibu wake wa kuzuia mrundikano kwa kutumia kadi za karatasi. Programu nyingi za leo zimeuchukua ubao huo na kuuweka kwenye kioo cha kompyuta. Upungufu wake ni kwamba ubao wa Kasumulu hauonekani Matema.

Ya pili ni jedwali la kompyuta. Excel wengi mnaifahamu, na LibreOffice Calc inapatikana bila malipo na inafanya kazi bila intaneti. Kila kazi inapewa mstari mmoja. Ukitia rangi kwenye wiki za kazi unapata ule mchoro uliopewa jina la Henry Gantt, Mmarekani aliyeueneza miaka zaidi ya 100 iliyopita, ambao wafadhili wengi huutaka katika maandiko ya miradi. Upungufu wake ni faili kunakiliwa na watu wengi, mpaka haijulikani la kweli ni lipi. Ni lazima awepo mtunzaji mmoja.

Ya tatu ni programu za mtandaoni, kama vile Trello, iliyoanza mwaka 2011, na Asana, iliyoanzishwa na kampuni iliyoundwa mwaka 2008. Zinatumika kwenye simu janja, zinakumbusha tarehe, na mchoro wa lebo unakaa ndani ya kadi ya kazi yake pamoja na maoni ya kila mtu. Kwa kazi za masoko zinafaa sana. Upungufu wake ni malipo ya kila mwezi kwa kila mtumiaji, na masharti yanayoweza kubadilika. Mathalani, mwaka 2024 Trello iliweka kikomo cha watu 10 katika eneo la kazi lisilolipiwa.

Ya nne ni programu huria zinazosimikwa katika seva yetu wenyewe, kama OpenProject na Redmine. Hazina ada ya leseni, nasi tunamiliki kila kitu. Lakini seva inahitaji umeme wa uhakika, nakala ya akiba na fundi wa kudumu. Kama fundi huyo hayupo katika bajeti, programu ya bure inaweza kuwa ghali kuliko ya kulipia.

MASWALI MATANO YA KUPIMIA

Swali la kwanza: je, inafanya kazi mtandao ukikatika? Wenyeji wa hapa mnajua kwamba simu zetu huweza kukamata minara ya ng'ambo ya Mto Songwe, na bando la Tanzania halifanyi kazi kwa mitandao ya Malawi. Kule Matema, chini ya Milima ya Livingstone, shida ni nyingine, lakini matokeo ni yale yale. Mtu aweze kuandika akiwa hana mtandao, na taarifa ipande atakapoupata. Msikubali maelezo ya muuzaji pekee. Zimeni intaneti mbele yake, mwandike kazi tatu, kisha mwangalie kama zipo.

Swali la pili: je, katibu wa kikundi anaiweza? Mumpe simu ile ile anayotumia kila siku, wala si kompyuta mpya ya ofisini. Afungue kadi, aone kazi yake, aandike kwamba imekamilika. Akishindwa baada ya kufundishwa mara mbili, kasoro ni ya programu na wala si yake. Tukiipuuza dalili hiyo, kijana mmoja wa ofisini ataishia kuwapigia simu makatibu wote na kujaza kwa niaba yao. Akipata ajira kwingine, mfumo wote unaondoka naye.

Swali la tatu: nani atalipa mwaka wa tatu? Tufanye hesabu ya mfano. Watumiaji 14, kila mmoja dola 10 kwa mwezi, ni dola 140 kwa mwezi na dola 1,680 kwa mwaka. Kwa hesabu ya shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi 4,200,000. Kila kamati ijiulize: je, faida inayobaki baada ya kuuza inaweza kubeba mzigo huo bila kumpunja mkulima? Kama jibu ni hapana, tupunguze watumiaji wanaolipiwa au tuchague njia nyingine tangu sasa.

Swali la nne: je, tunaweza kuondoka na mali yetu? Programu nayo hufa. Wunderlist, programu ya Kijerumani ya kupanga kazi iliyopendwa na watu wengi, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015, na mwezi Mei 2020 ikafungwa. Watumiaji walielekezwa kuhamishia kazi zao katika programu nyingine ya kampuni hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kukubali, tujaribu kutoa kumbukumbu zote kwenye faili linalofunguka katika jedwali la kawaida. Tuangalie kama tarehe, majina, maoni na michoro vinatoka pamoja, kwa sababu mara nyingine hutoka orodha ya kazi tu na viambatisho vikabaki.

Swali la tano: taarifa za watu zinalindwaje? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Jina la mkulima, namba yake ya simu, na picha yake akiwa shambani ni taarifa binafsi. Programu za mtandaoni mara nyingi huzihifadhi nje ya nchi, na Sheria ina masharti kuhusu usafirishaji huo. Aidha, picha ya mama au mtoto isiwekwe kwenye lebo au kalenda ya wafadhili bila ridhaa. Njia rahisi ni kutoweka katika programu ya kazi taarifa isiyohitajika. Kadi inayosema "kikundi cha Ipinda kilete magunia 20" haihitaji namba ya kitambulisho cha mtu yeyote.

MAPENDEKEZO YETU

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza mambo yafuatayo.

Moja, kwa mwezi mmoja tutumie ubao wa ukutani na jedwali moja lenye mtunzaji mmoja. Kama kazi hazina wahusika na tarehe ubaoni, hazitavipata ndani ya kompyuta.

Mbili, baada ya hapo tujaribu programu moja ya mtandaoni isiyolipiwa, tukiwa na watumiaji wasiozidi 10 na oda mbili tu, kuanzia mavuno hadi malipo. Makatibu wa vikundi wawemo tangu siku ya kwanza.

Tatu, kila mwisho wa mwezi kumbukumbu zitolewe, zihifadhiwe katika kompyuta ya ofisi na nakala iwekwe mahali pengine. Muhtasari wa ukurasa mmoja ubandikwe kwenye mbao za matangazo za sharika, ili hata asiye na simu janja aone oda ya kikundi chake imefikia wapi.

Nne, uamuzi wa kulipia ufanywe na kamati baada ya msimu mmoja wa mauzo, kwa kujibu maswali yale matano kwa maandishi.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja lililo wazi. Leseni ni sehemu ndogo ya gharama. Tusaidieni zaidi katika mafunzo ya makatibu, bando la simu na muda wa mtunzaji wa kumbukumbu. Pia mkubali taarifa zinazotoka moja kwa moja katika ubao wetu wa kazi. Kila mfadhili akidai fomu yake na programu yake, mtu yule yule mmoja anajaza mambo yale yale mara tatu, na lebo inasubiri mezani.

Kwa kamati za sharika, tunaomba msiogope majina ya kigeni ya programu hizi. Ninyi mnasimamia ujenzi, harambee na sikukuu za mavuno zenye watu mamia. Mnajua nani aliahidi mabati na nani bado hajaleta. Ujuzi huo ndio unaotakiwa hapa. Muuzaji akija na maelezo marefu, mwulizeni: siku tusipokulipa, kumbukumbu zetu tutazipata wapi? Asipojibu kwa matendo mbele yenu, mwacheni aende.