Ukimkamata Mwanafunzi Anapiga Chabo

Wasikilizaji wa Nshamba, Muleba, Bukoba na kote mnakotupata, leo nazungumza na walimu. Wazazi nanyi msogee redioni.

Mtihani wa muhula unaendelea. Mwalimu anamwona mtoto wa kidato cha pili akichomoa kikaratasi ndani ya mkono wa sweta. Damu inamchemka, macho yanatafuta fimbo. Hapohapo, mwalimu wangu, nakuomba utulie.

Chukua kile kikaratasi. Andika saa na swali alilofikia, mpe karatasi nyingine, aendelee. Usimsimamishe mbele ya wenzake. Mtihani ukiisha mwite ofisini, mwalimu mwingine akiwepo, umpe swali lilelile alifanye. Akiliweza, ujue ni woga uliomponza. Likimshinda, muulize anakwama wapi. Mara nyingi utakuta hata swali lenyewe hakulielewa: shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, sekondari akapokelewa na Kiingereza kwenye karibu kila somo. Alama za swali hilo asipewe, hapo usilegeze kamba. Ila wiki inayofuata kaa naye, mlisome swali neno kwa neno.

Naisisitiza subira hii kwa sababu madhara ya fimbo ya hasira tumeyaona hapa kwetu. Agosti 2018, Bukoba mjini, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki dunia baada ya kupigwa shuleni, akituhumiwa kuiba pochi ya mwalimu. Tuhuma tu, jamani. Na kanuni zipo: viboko visizidi vinne, apige mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye, na adhabu iandikwe kitabuni. Mimi nasema hata hivyo vinne havijamfundisha mtoto hesabu.

Sasa wazazi. Septemba mwaka huohuo mtihani wa darasa la saba ulivuja. Baraza la Mitihani likafuta matokeo ya shule zote za Halmashauri ya Chemba, Dodoma, na ya shule kadhaa za Dar es Salaam na Mwanza. Tarehe 8 Oktoba watoto wakaketi upya kufanya mtihani, kwa kosa lililopangwa na watu wazima. Kwa hiyo, isije ikawa fedha yako ndiyo inayonunua mtihani, ukiletewa mchango wa kuwasaidia watoto wafaulu usio na risiti wala maelezo, usiutoe. Peleka swali kwenye kikao cha wazazi: fedha hizo anapewa nani, na kwa kazi gani?