Mbegu Iliyo Mlangoni Petu

(Hotuba ya wanachama katika sherehe ya miaka 10)



Leo kikundi chetu kinatimiza miaka 10. Tulianza kwa kuweka kidogo kidogo, tukakopeshana, na kwa wengine wetu mikopo ile ikawa ng'ombe. Tunamshukuru Mungu. Lakini ng'ombe hali daftari la hisa, jamani. Kaskazi ikikaza sote twajua: mundu mkononi, mzigo kichwani, mwendo mrefu, na maziwa yanapungua pale pale deni linapotaka kulipwa.

Basi leo tunasema juu ya majani.

Zile nyasi ndefu za mashuke zinazoota kando ya njia, ambazo wataalamu waliziita Panicum maximum, ni za asili ya Afrika. Mwaka 1967 na 1969 watafiti wa Kifaransa walipita Kenya na Tanzania wakikusanya aina zake za porini. Moja ilichukuliwa Korogwe, hapo ng'ambo tu, mkoa wa Tanga. Baadaye mkusanyo ule ulifika Brazil. Shirika la utafiti la Embrapa likazipanda, likalinganisha, likachagua. Mwaka 1990 ile ya Korogwe ilitolewa kwa wafugaji kwa jina la Tanzania, na mwaka 1993 ikafuata nyengine, Mombaça, yaani Mombasa. Leo mbegu hizo ni biashara, na zinauzwa hata Afrika Mashariki. Zilitoka kwetu bure, zinarudi kwa bei.

Hatusemi hayo kwa kulaumu. Aliyefanya kazi amepata. Nasi tuitazame kazi yenyewe.

Kwanza ni kuchagua. Nyasi hizi kwa kawaida huzaa mbegu bila kuchanganya dume na jike, hivyo mtoto hufanana na mama. Shina lenye majani mengi likichaguliwa, uzuri wake haupotei. Pili ni kuvuna. Mbegu haziivi pamoja, na zikiiva hupukutika. Brazil huziacha zianguke, kisha huzizoa chini. Sisi twaweza kukung'uta mashuke juu ya mkeka kila baada ya siku chache. Tatu ni kusubiri, maana mbegu mpya hulala. Huota vyema zaidi ikishakaa miezi kadhaa pakavu. Asiye na mbegu achimbue kisiki, akigawe, apande mwanzo wa masika. Akikata, aache kiasi cha futi moja ili kichipue.

Ombi letu kwa wenye mashamba ni hili: tupeni konde la pamoja kwa maandishi, kwa miaka, si kwa msimu. Nyasi hizi hudumu miaka mingi. Mwanamke akipanda katika ardhi ya kuazima, kisha akaambiwa aondoke, mtaji wake unabaki ardhini.

Kibaba cha kwanza tumekijaza kwa haba na haba ya fedha. Cha pili, inshaallah, kiwe cha mbegu.