Moto Uko Mlimani: Maneno Tuliyosema Mbele ya Wanamemba

Komite ya mutualite imetuomba tuseme juu ya moto unaowaka kule kwenye mgongo wa Itombwe. Tumekubali mbio, kwa sababu tumesikia kuna kundi la vijana wanaotaka kupanda leo saa sita na matawi mikononi. Basi tuanze na ile: saa sita, hapana.

Moto wa mlima una tabia yake. Unapanda mbio kuliko unavyoshuka, juu ndimi zake zinalalia majani yaliyo juu na kuyakausha mbele ya kuyafikia. Watu wanaozima moto kwa kazi wana kipimo chao: kila mteremko unapoongezeka digrii 10, mbio ya moto inakaribia kuongezeka mara mbili. Sasa tazameni ule mteremko wa juu ya mashamba ya muhogo. Kijana mwenye nguvu, na jembe begani, hawezi kuukimbia ule moto akielekea juu. Hata akiwa mchezaji wa mpira.

Tena kuna upepo. Mchana unatoka upande wa ziwa na kupanda mlima. Usiku unageuka, unashuka. Toka saa sita mpaka saa kumi moto unakuwa na nguvu yake yote, na hiyo njo saa ya kukaa mbali na kuutazama tu, mjue unaelekea wapi. Kazi ya mikono inafanyika alfajiri, wakati majani yangali na umande.

Sasa, mtasimama fasi gani? Si mbele ya moto, na si juu yake kwenye mteremko. Mnaanzia nyuma, kule palipokwisha kuungua, kwenye mto ao njia ambayo moto hauwezi kuruka. Kutoka pale mnafuata pembeni, mguu mmoja karibu na majivu, ili upepo ukigeuka muwe na pa kuingia. Majivu yaliyopoa hayaungui mara ya pili. Mmoja wenu hapigi moto kabisa: anasimama fasi ya wazi, anatazama, na akipiga filimbi wote wanaondoka bila kuuliza juu ya nini. Vijana wengi wanaona ile kazi ni ya mvivu. Sisi tunaona ni kazi ya mtu mwenye akili kuwapita wote, na tunaomba wazee wamchague wao wenyewe.

Kama mnataka kukata njia ya kuzuia moto, ikateni ng'ambo ya mgongo, nyuma ya kilele, si upande ule moto unaotokea. Moto ukifika juu unapunguza mbio, na pale njo mnaukuta. Ondoeni majani, mizizi na uchafu wote mpaka udongo mtupu uonekane. Kuacha majani makavu kidogo tu ni sawa na kumwachia moto daraja. Wale watakaokuwa chini wachimbe mtaro, juu magogo yanayowaka yanabingirika na kuwasha fasi mpya nyuma ya migongo ya watu.

Na moshi ukiisha, kazi haijaisha. Chini ya miti mikubwa kuna majani yaliyooza, mazito, na moto unaingia mle, unafuata mizizi polepole. Mnarudi nyumbani, mnakula sombe yenu, kisha siku ya tatu unatokea fasi ingine. Pitisheni mgongo wa mkono karibu na udongo, si kiganja. Mkisikia joto, chimbeni, mwagieni maji, geuzeni.

Kuna wazee wanaojua kupiga moto kwa moto. Tunaheshimu ujuzi huo, lakini si kwa upepo wa wiki hii.

Mtu mmoja alituuliza kama inafaa kuhangaika, maana msitu wenyewe ni mbichi. Kweli, ndani ya msitu wa Itombwe kuna unyevu, na moto hauingii kirahisi. Unakula ukingo: nyasi, mianzi mikavu, miti ya kandokando. Mwaka unaofuata pale ukingoni panaota magugu yanayokauka mbio, na moto unakuta chakula tayari. Hivyo ukingo unarudi nyuma kila kiangazi, na vijito vinavyotoka mle ni maji yetu ya kunywa. Serikali iliufanya msitu ule akiba tangu 2006, lakini maji tulikuwa tunakunywa mbele ya ile karatasi.

Sasa neno gumu. Inasemwa sokoni kwamba "waliorudi njo walichoma." Wengi kati yenu mmetoka Nyarugusu na mkakuta mashamba ya wazazi yamekuwa pori, kuyasafisha kwa moto ni jambo tunaloelewa. Lakini wafugaji pia wanachoma ili majani mapya yaote, wawindaji wanachoma, warina asali wanaacha vijinga, wachoma makala nao wako. Kumtafuta aliyewasha kutangoja mpaka moto ufe. Sheria ya misitu ya 2002 iko, inamwadhibu anayesababisha moto wa msitu, lakini haimpi jirani ruhusa ya kumnyooshea kidole jirani. Kwa upande wetu, tuanze hivi: anayechoma shamba awaambie majirani, asafishe pembe zote, awashe jioni upepo ukishatulia, aanzie juu akishuka, na asiondoke.

Waliokuwa Tanzania Oktoba 2020 wanakumbuka habari za Kilimanjaro kwenye redio. Kule kuna hifadhi yenye askari wake, na mamia ya watu walipanda kusaidia, na bado moto ulichukua siku nyingi. Sisi hatuna hata redio za kuitana. Kwa hiyo tunapenda watu 20 waliopangwa, si 100 waliojaa hasira.

Hakuna anayepanda mbele ya bwana shefu kuwajulisha walinzi wa ICCN na wanajeshi wa kule juu. Ndani ya moshi, mtu mwenye panga hajulikani ni nani.

Majina yanaandikwa kwa sekretere leo mbele ya giza. Kuondoka ni saa kumi ya usiku. Kila mtu na viatu vilivyofungwa, nguo ya pamba, si nailoni, na bido yake ya maji. Mwenye kambambili atabaki chini na wamama kwenye mtaro.