USHAIRI NDANI YA VYOMBO VYA ABIRIA
(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Kila siku ya kazi mtumishi hutumia sehemu ya asubuhi na sehemu ya jioni yake ndani ya gari. Muda huo wengi huuhesabu kuwa umepotea: si wa ofisi, wala si wa nyumbani. Mazungumzo haya yanakusudia kueleza namna mji mmoja ulivyoutia muda huo thamani kwa beti chache za ushairi.

Mji huo ni London, Uingereza, ambako reli ya chini ya ardhi ilianza kuchukua abiria mwaka 1863. Mnamo Januari 1986 Bibi Judith Chernaik, mwandishi mzaliwa wa Marekani aliyefanya maskani yake London, akishirikiana na washairi Gerard Benson na Cicely Herbert, alianzisha utaratibu wa kuweka mashairi mafupi ndani ya mabehewa, katika nafasi zilezile za matangazo ya biashara. New York nayo ilianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1992.

Inafaa ifahamike kwamba washairi waliochaguliwa hawakuwa wa aina moja. Katika kundi la kwanza walikuwamo Burns na Shelley, wa zama zilizopita. Seamus Heaney wa Ireland, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1995. Na Bibi Grace Nichols, mzaliwa wa Guyana. Shairi la Bibi Nichols lamhusu mtu aliye London anayeshikwa na hamu ya chakula cha mama yake. Kwa kulitazama ni jambo dogo. Lakini abiria aliyetoka ng'ambo, aliyesongamana na watu asiowajua, aliweza kuinua macho akaikuta hali yake imeandikwa hadharani, sawa na ya mwenyeji.

Tangazo humtaka msomaji anunue, na ilani humtaka atii. Shairi halimdai kitu. Leo hulisoma akalielewa nusu, kesho akalirudia, na baada ya siku chache likawa limekaa kifuani bila ya kujilazimisha. Anayefika kituoni kabla ya mshororo wa mwisho huondoka na alichokipata.

Kwa watu wa Visiwani jambo hili si geni. Khanga hubeba jina lake barabarani, na misemo iliyoandikwa kwenye daladala huwafanya abiria wacheke au watafakari. Ubeti wa tarbia una mishororo 4, na kila mshororo kwa kawaida una mizani 16; kibao kidogo chautosha. Kinachohitajika ni uteuzi wa makini: maneno ambayo mzee na mtoto wanaweza kuyasoma pamoja bila ya kuona haya, herufi zinazosomeka gari likitikisika, na kubadilishwa kabla hayajachujuka.

Lugha isiyoonekana hadharani ila katika bei na makatazo huwafundisha watoto kwamba haina kazi nyingine. Wenye vyombo vya abiria, walimu na watunzi wanaombwa walizingatie hilo. Safari haitakuwa fupi zaidi, wala viti havitaongezeka. Lakini abiria atateremka na neno jema la kumpelekea aliye nyumbani.