Gazeti Letu la Sanaa: Hotuba kwa Wanachama wa Tawi



Tumeazimia kutoa gazeti dogo la mashairi, ngano na michoro ya watu wa hapa hapa. Msomaji atalipata bure, na watengenezaji hawatalipwa hata senti. Vema, lakini karatasi na wino havitolewi bure.

Mnalikumbuka Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Malenga wengi, hata marehemu Shaaban Robert, walipata uwanja humo. Ila lilikuwa la serikali ya kikoloni, na mwenye gazeti ndiye mchaguzi. Mwaka 1937 Erica Fiah akatoa Kwetu mjini Dar es Salaam, gazeti la Mwafrika mwenyewe. Na Sauti ya TANU, mwaka 1957, ilitoka kwa sitensili tu.

Kwa hiyo msinipigie makofi. Nataka mtu wa kuwaendea bibi zetu na daftari, aandike nyimbo za kutwangia kabla hatujawazika nazo. Nataka msahihishaji asiyelitupa shairi kwa kuwa mtunzi wake ni hasimu yake (wapo!). Nataka wagawaji wa sokoni. Asiye na nafasi alete karatasi.

Daftari la majina liko mezani kwa katibu.