Kabla ya Kununua Filta ya Maji

Adhana ya Magharibi ikilia, baada ya tende ni maji. Jee, maji hayo yatoka wapi? Wengi wetu hapa Mombasa twatumia visima, na kisima chenyewe mara nyingi kiko karibu na choo cha shimo.

Basi ukienda dukani usianze na bei. Jiulize kwanza: maji yangu yana nini? Filta ya kauri huzuia tope na bakteria wengi, lakini virusi vyaweza kupita. Kwa hivyo ukishachuja, chemsha au tia dawa ya klorini. Chumvi nayo haitoki kwa kauri wala kwa kuchemsha. Hiyo yataka mtambo wa RO, unaosukuma maji kwa presha kwenye utando mwembamba sana. Huo mara nyingi hutaka stima, na humwaga maji mengi (yakinge, yafaa chooni). Muulize muuzaji utando mpya ni pesa ngapi. Hapo wengine hunyamaza!

Kauri isugue kwa brashi laini bila sabuni. Na maji yaliyochujwa yatoke kwa bomba, jamani, si kila mtu kuchovya kikombe chake.